Ua Wenye Milango Miwili

Wiki iliyopita binti yangu alirudi shuleni na kazi ya nyumbani: chora mashine rahisi tatu zinazopatikana kwenu, onyesha egemeo, mzigo na jitihada. Akachora mkasi. Akachora toroli. Kisha akakaa anatafuna kalamu huku ananitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha ya tatu.

"Ya tatu umeanika sketi yako juu yake," nikamwambia.

Akageuka kutazama uani. Pale kuna mti mrefu, mweusi kwa uzee, umelazwa juu ya panda mbili, nasi tunauanikia nguo. Ncha yake moja imeungua na kuchongwa pembe nne.

"Huo si mti tu, mama?"

"Ni mti tu. Kaa chini."

Nawe rafiki yangu, vuta kigoda. Mimi si mtu wa safari, kwa hiyo hadithi zangu zote zinaanzia na kuishia uani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika hadi Dar es Salaam, na mmoja ananitumia picha za theluji. Mimi nikifika stendi ya Kasulu tu, kichwa kinaanza kuniuma na ninakumbuka sijafunga banda la kuku. Fizikia nilipata D, na hiyo D nitaitetea hadi kaburini. Ila kuna Jumamosi moja, nikiwa darasa la sita, ambapo fizikia ilifanya kazi kwa ajili ya nyumba yetu, na mimi ndiye niliyeileta nyumbani. Acha nijisifu kidogo. Sina mengine ya kujisifia.

Hapa Nyakitonto ninapoishi ndipo alipoishi bibi, mama yake baba yangu. Katikati ya uwanja wake palisimama mtambo wa kukamulia mawese: pipa nene la chuma lenye matundu ubavuni, sahani nzito ya chuma ndani yake, na juu skrubu nene kama paja la mtu mzima. Kwenye kichwa cha skrubu kulikuwa na tundu la pembe nne. Unachomeka mti humo, unausukuma kwa kifua na mikono ukizunguka pipa, skrubu inashuka, sahani inazibana chikichi zilizochemshwa na kutwangwa, na mafuta yanachuruzika kwenye matundu, mekundu kama udongo wa barabara yetu baada ya mvua.

Msimu wa chikichi hakuna aliyehitaji kuamshwa na jogoo. Ile skrubu ilikuwa na sauti yake, mlio mrefu wa kulalamika, na bonde zima lilijua kwa bibi kazi imeanza. Wanawake walikuja na ndoo kichwani, wakiamkiana, "Mwakeye, mwakeye," moshi wa mapipa ya kuchemshia ukiwafuata. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchambua makapi, kutenga kokwa na nyuzi, kwa maana nyuzi zile zikikauka huwasha moto kuliko mafuta ya taa. Jioni tulikuwa na mikono ya rangi ya machungwa na hatukuweza kumdanganya mtu kwamba tulikuwa tunasoma. Halafu maharage ya bibi, yakielea kwenye mawese ya siku ileile, na ugali wa muhogo. Sijala kitu kama kile tena, na mimi, kama unavyoniona, sijaacha kujaribu.

Mtambo ule ulikuwa na desturi moja. Kabla ya ndoo ya mgeni yeyote kumiminwa, mwenye mtambo hukamua pipa la kwanza kwa nguvu zake mwenyewe hadi mafuta yatoke. "Mtambo usioanzwa na mwenyewe ni yatima," bibi alikuwa akisema, "na yatima kila mtu anamtuma." Babu alipofariki, watu walidhani bibi angemwachia mwanaume kazi hiyo. Asubuhi ya kukamua ya kwanza baada ya msiba, alifunga kanga kiunoni akasukuma mwenyewe. Ndivyo mtambo ulivyokuwa wake.

Kisha ukaja mwaka wa homa. Ilimlaza bibi wiki nyingi, na alipoinuka, miguu ilikuwa yake lakini mikono na kifua vilikuwa vya mtu mwingine. Siku ya kwanza ya msimu alisukuma mti, mti ukakataa. Akasukuma tena. Wanawake wakajifanya wanatazama ndoo zao. Mwishowe baba mdogo, kitinda mimba wake, aliyekuwa akiishi kule njia panda, akaja akamsogeza taratibu na kumaliza mzunguko.

Hakuwa mtu mbaya, baba mdogo. Aliona mtambo unazeeka pamoja na mwenyewe, na njia panda kulikuwa na watu. Akasema mbele ya wote, "Mama, pumzika sasa. Huu niuhamishie kwangu."

Bibi akajifuta jasho. "Jumamosi ijayo nitauanza mwenyewe. Nikishindwa, uchukue."

"Mama."

"Njoo na mkokoteni kabisa, usije ukaenda mara mbili."

Usiniambie hukuwahi kuwa na bibi wa namna hiyo.

Sasa, wiki ileile, mwalimu wetu wa sayansi alifika kwenye mada ya nyenzo. Alikuwa ameletwa kutoka pwani, akivaa koti hadi mchana wa jua kali na kuilaumu serikali kwa baridi ya Kasulu. Siku hiyo aliita mbele mvulana mwenye nguvu kuliko wote, jitu la darasa la sita, na akaniita mimi, ambaye hata kubeba dumu la lita tano nilipumzika njiani mara mbili. Akatuweka pande mbili za mlango wa darasa. Yule mvulana aliambiwa asukume karibu na bawaba. Mimi nisukume kwenye kitasa.

Nilisukuma nikiwa nimefumba macho, nikingoja aibu. Nilipofumbua, mlango ulikuwa unakwenda upande wake. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja. Sikuwa nimewahi kumshinda mtu kwa chochote, ila kulala.

"Hana nguvu huyu," mwalimu akasema akinionyesha, na kweli sikuwa nazo. "Ana umbali. Nguvu mara umbali, andikeni."

Wengine waliandika. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani kwa mawazo, nikiutazama mti wa mtambo: mfupi, hatua tatu, uliokatwa kwa kipimo cha kifua cha babu.

Ijumaa nilipotoka shule nilipitia kwenye mikaratusi, nikakata mti mara mbili ya ule, mnyoofu, unaopendeza. Niliuburuta hadi nyumbani nikijiona mhandisi. Nikauchomeka, nikashika ncha, nikasukuma kwa heshima zote za elimu. Skrubu haikutikisika. Mti ndio uliopinda, ukapinda, ukawa upinde kamili, halafu ukakumbuka ulikotoka. Uliponirusha, nilitua kwenye lundo la makapi ya chikichi, miguu juu.

Bibi alicheka hadi akashika nguzo. Hakuwa amecheka tangu homa.

"Nani amekufundisha?"

"Mwalimu."

"Amekuambia mti mrefu?"

"Ndiyo, bibi."

"Hakukuambia mkavu?"

Nikajikung'uta makapi. Bibi akauchomoa mkaratusi wangu, akautupa kando. "Mti mbichi ni kama wewe. Unautuma, unakwenda kucheza kwanza." Kisha akasimama muda mrefu akiutazama mtambo, akatazama ghala kuukuu la babu, akatazama tena mtambo. Sikumweleza neno. Aliyekuwa amesukuma mti ule miaka yote hakuhitaji kuambiwa kwamba ncha ni nyepesi kuliko katikati. Alichokuwa hajawahi kuhitaji ni kuurefusha.

"Panda pale juu," akasema, "ufungue mti wa mgongo wa paa."

Ulikuwa umekaa kwenye moshi na jua tangu kabla sijazaliwa, mgumu kama mfupa. Ncha yake tuliichoma moto na kuichonga, tukaichoma na kuichonga, hadi ikaingia kwenye tundu la skrubu ikakaa. Urefu wake hatua saba. Tukaanza kuuzungusha, ukaenda vizuri sana, kisha ukagonga ua wa minyaa wa jirani na kusimama.

Ndivyo nilivyojifunza sehemu ya pili ya somo, ile niliyokuwa nikiota wakati wenzangu wanaandika. Ukirefusha mti, na duara linakua. Duara letu lilikuwa limeingia kwa watu.

Jirani huyo wazazi wake walitoka Burundi wakimbeba, na alikuwa ameshakuwa raia na mkulima wa maharage aliyetushinda wote. Alisikia kishindo akachungulia juu ya ua.

"Mwakeye, mukecuru," akasema, yaani bibi mzee. Hivyo ndivyo alivyomtania siku zote. "Naona unahamisha mpaka."

"Si mpaka. Ni mti tu unatembea."

"Unatembelea kwangu?"

"Hatua chache. Unarudi hauchelewi."

Nilimweleza mimi, kwa pupa, mlango na bawaba na kitasa. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama bibi, akautazama mti. Bonde zima lilijua kuhusu Jumamosi.

"Mukecuru," akasema, "mimi nimevushwa mpaka mmoja maishani, na ule ulikuwa na askari. Huu wa minyaa ndio unishinde?" Akaingia ndani akarudi na panga. "Lakini makapi ya kuwashia moto yawe yangu. Kila mkikamua."

"Yego," bibi akakubali, na mkataba ukawa umekwisha.

Alikata kwa uangalifu, maana utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa. Ua hakuuondoa, aliogopa mbuzi. Aliushusha chini ya usawa wa mti, kifuani, kisha akafungua nafasi mbili za kupita mtu. "Mmoja wa kuingilia," akasema, "mwingine wa kutokea."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko chikichi. Baba mdogo alikuja na mkokoteni na vijana wawili wenye mabega. Mwalimu wetu naye alikuwepo na koti lake, eti amefuata chupa moja ya mawese. Bibi alifunga kanga, akashika ncha kabisa ya ule mti, akaegemeza kifua.

Ukaenda.

Ulikwenda polepole, na skrubu ikaanza wimbo wake. Bibi akapita mbele yetu, akaingia mlango wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa mfupi na ameinama, tuliona kilemba chake chekundu tu kikisafiri juu ya minyaa. Akatokea mlango wa pili. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Mama," mwalimu akamwita alipopita, hakuweza kujizuia, "unachookoa kwenye nguvu unakilipa kwa umbali."

"Miguu haijambo, mwalimu," bibi akajibu bila kusimama. "Ni mikono iliyoniacha."

Mzunguko wa nane, chikichi zikawa zimebanana. Kilemba kikaingia mlango wa kwanza, kikaenda kidogo, kikapotea. Mti ukasimama. Skrubu ikanyamaza. Nilitazama mkokoteni, nikafikiri: ni mimi. Ni mimi niliyemtuma bibi kutembea hadi kwa jirani kwenda kuanguka. Baba mdogo akapiga hatua moja.

Kilemba kikainuka. Mti ukasogea. Bibi akatokea mlango wa pili, shavu limejaa, ganda la ndizi mbivu limening'inia mkononi.

"Mke wa jirani amenikaribisha," akasema. "Ningepitaje kwa watu bila kuonja?"

Mawese yalitoka kabla hajafika mbele yetu. Tone, matone, kisha uzi mwekundu mrefu ndani ya sufuria. Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu alivua koti, jambo ambalo halijatokea tena. Bibi akachota kwa kidole, akanipaka kwenye paji la uso kama mtu anayeweka alama kwenye kitu chake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Na mkokoteni?"

"Nitarudi nao, Mama," baba mdogo akasema, akicheka kwa aibu.

"Kwangu hauondoki mtupu." Ukajazwa makapi, na wale vijana wawili wenye mabega wakausukuma hadi kwa jirani, safari ya hatua ishirini.

Aliuanza mtambo mwenyewe misimu sita mingine.

Siku hizi chikichi zinakwenda barabarani kwenye mashine ya injini, dakika chache, unarudi na dumu lako. Sina ugomvi nayo. Mimi mvivu namba moja nitaikataa kwa lipi? Ila haina wa kuianza. Anayefika kwanza ndiye wa kwanza. Mtambo wa bibi umekula kutu hadi skrubu imeshikana na pipa, bibi na jirani wamelala kwenye udongo uleule, na mlio ule sijausikia miaka mingi, ingawa wakati mwingine asubuhi naamka nikidhani umeanza.

Mwezi huu mtoto wa jirani anaondoa minyaa, anajenga ukuta wa matofali. Kutoka kwetu hadi kwao kuna njia ya mguu iliyopinda kama mundu, na sote tunaipita ilivyo, hata wageni. Fundi alikuja kuniita kwa sababu haelewi: mwenye nyumba ameagiza ukuta uwe na milango miwili, hatua chache kati yao, yote ikitazama uwanja wangu. Fundi ametoka mjini, ana futi kamba na kiburi.

"Dada, mlango mmoja si unatosha?"

Binti yangu alikuwa amesimama pale na daftari lake, mchoro wa tatu bado haujakauka wino. Nikataka kumjibu, akaniwahi.

"Mmoja wa kuingilia," akamwambia fundi. "Mwingine wa kutokea."