Swali la Kumi na Moja la Mwantumu

Saa mbili asubuhi, kijijini Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Mwantumu Kaimu ameshavua viatu, ameshaamkia, ameshajibu habari za Nachingwea, za watoto, za mvua na za bei ya ufuta, na bado hajatoa karatasi kwenye mkoba. Haharakishi. Anayeijua kazi hii anajua kuwa fomu ikitangulia salamu, majibu yote yatakuwa ya adabu tu.

"Mzee wangu, tuanze?" anauliza mwishowe.

"Tuanze, mwanangu. Leo sina pa kwenda."

Mzee Isihaka Masoudi, mkulima wa korosho na ufuta mwenye umri wa miaka 64, ameketi mkekani, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelala pajani. Kiharusi kilimkuta shambani miezi kumi na nne iliyopita, msimu wa korosho umepamba moto, na kikamwachia mkono mzito na mguu anaouburura kidogo.

Anaoga mwenyewe? Anaoga. Anavaa mwenyewe? "Navaa. Vifungo vinanichelewesha, lakini navaa." Anapanda ngazi? Hapo wote wawili wanacheka, maana nyumba nzima haina ngazi, wala ya jirani haina. Walioitunga fomu walikuwa na maghorofa akilini. Mwantumu aliomba ruhusa atumie kidaraja cha kibarazani, kupanda na kushuka mara tatu. Mzee Isihaka anainuka, anapanda, lakini anashika nguzo. Kwa ajili ya nguzo hiyo anapoteza alama tano.

Maswali kumi yanakwisha. Jumla, tisini na tano kati ya mia.

Limebaki moja, la kumi na moja, lililoandikwa chini kabisa ya ukurasa. Mwantumu anafungua kinywa, mzee anamkatisha.

"Hilo la mwisho usiniulize sasa. Subiri mchana."

Mwantumu anafunika kalamu yake. Hilo ndilo swali lililomtoa Nachingwea kabla ya jua kuchomoza, kwa gari dogo hadi Ruangwa mjini na bodaboda hadi hapa, na sasa anaambiwa asubiri. Atasubiri.

Mwantumu ana miaka 39 na watoto wawili. Ni mkusanyaji wa takwimu katika utafiti unaofuatilia watu 140 waliopatwa na kiharusi katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kujua ni ulemavu gani umewabakia na unapunguaje. Kwa siku anayokwenda vijijini hulipwa shilingi elfu thelathini, na siku hizo hazizidi kumi na mbili kwa mwezi. Zilizobaki hushona sare za shule kwa cherehani iliyopo sebuleni kwake.

Hakusomea utafiti. Alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya usafi kwenye chumba cha meno cha hospitali moja. Huko ndiko alikomkuta Dk. Amedeus, mtaalamu wa maumbile ya mwili, aliyekuwa akikusanya picha za eksirei za mataya. Alikuwa anapima lilipo tundu dogo la mfupa ambamo mshipa wa fahamu wa meno ya chini huingilia. Kitabu kina mahali pake, lakini kwenye picha, kwa mmoja lilikuwa juu zaidi, kwa mwingine nyuma zaidi. Asiyelijua hilo humpiga mgonjwa sindano ya ganzi na bado mgonjwa akaruka kitini.

"Nilikuwa nafagia nikaona picha mbili kwenye bahasha moja," Mwantumu anasimulia. "Nikamwambia, daktari, huyu ana meno yote na huyu hana hata moja. Watakuwaje mtu mmoja?"

Daktari alicheka, kisha akagundua kwamba hakuwa na sababu ya kucheka. Akamkabidhi bahasha zote mia mbili na kumi azipange upya. Miaka ilipopita na utafiti wa kiharusi ukaanza, mtu wa kwanza ambaye daktari alimtafuta alikuwa yule mfagiaji.

Katika utafiti huu alama zina uzito wake. Aliye chini ya tisini hupangiwa mazoezi ya viungo kwenye zahanati ya jirani, mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Aliye juu hupewa hongera.

Mzee Isihaka, katika ziara ya kwanza mwaka jana, alipata tisini na tano. "Nikampa hongera yake, nikapanda bodaboda nikaondoka," anasema Mwantumu. "Nilijiona nimefanya kazi."

Ziara ya pili pikipiki ilipata pancha njiani, akafika wakati wa chakula. Kwenye kitongoji kile wanaume wa nyumba za jirani hula pamoja. Kila nyumba huleta chombo chake, sinia huwekwa katikati, mikono huoshwa. Siku hiyo walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha Mzee Isihaka mwenyewe, wanne, wanakula ugali wa muhogo kwa mbaazi. Mwenye nyumba hakuwepo.

Jikoni alimkuta Bi Tunu, mke wa mzee, anapakua kisahani cha pembeni. Alikipeleka ndani, akarudishia mlango.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Bi Tunu alimweleza yote kwa sauti ya chini. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kufinya tonge. Wa kushoto unao, lakini wa kushoto ni wa kujisafishia, na hakuna mtu mzima pale atakayeutia kwenye sinia la watu. Basi tangu augue, mumewe anakula chumbani kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa.

"Wenzake wamemwita mpaka wamechoka," Bi Tunu alisema. "Kila siku anawaambia ameshiba. Mtu gani anashiba miezi yote hii?"

Kwenye fomu palikuwa pameandikwa: anakula bila msaada, kumi kwa kumi. Na ilikuwa kweli.

Mwantumu hajisamehe kirahisi hata leo. "Ile ziara ya kwanza nilimuuliza mbele ya wakwe zake wawili, mimi niliye sawa na binti yake. Nilitegemea aseme nini? Mficha ugonjwa, kilio humuumbua, lakini yule nilimfichisha mimi. Nililia njia nzima, dereva akadhani nimefiwa."

Kesho yake alimpigia simu Dk. Amedeus na kumweleza kwamba huenda fomu zake nyingi hazisemi lililo muhimu. Kwa mtu wa mkataba wa miezi sita, huko ni kujichongea.

Dk. Amedeus hakufurahi, na mwenyewe hakatai. "Nilimwambia alama hazibadilishwi kwa huruma," anasema kwa simu. "Fomu ile inatumika nchi nyingi. Ukiichezea, huwezi tena kulinganisha watu wako na wa kwingine."

Alijibiwa nini? Daktari anacheka.

"Aliniambia, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tundu la taya halipo pale kitabu kinaposema. Nikamwambia aandike barua."

Barua iliandikwa kwa mkono, kurasa mbili. Kamati ya maadili ya utafiti ilikaa nayo wiki saba, ikaruhusu swali la ziada, nje ya zile alama mia, liulizwe faraghani: Tangu uugue, unakula na wale uliokuwa ukila nao? Atakayejibu hapana, naye apewe mazoezi.

Mwantumu alirudi kwenye nyumba sitini na tatu alizokwisha kuzihoji, moja baada ya nyingine, Chiola, Chunyu na kwingineko, kuuliza swali moja. Watu ishirini na sita walijibu hapana. Huko Chiola mama mmoja, Saada, alikuwa amekacha shughuli zote za wenzake, harusi hata maziko, kwa sababu mchuzi humvuja pembeni mwa mdomo bila mwenyewe kuhisi. "Nilikuwa nasubiri mtu aniulize," alimwambia Mwantumu.

Mzee Isihaka yeye hakujibu kwa neno. Alitikisa kichwa tu, akageukia ukuta. Lakini zahanati alikwenda. Miezi mitatu alikamua vitambaa vilivyolowa, akaokota punje za mahindi, na nyumbani akafinyanga matonge ya udongo mpaka wajukuu wakamzoea. Wiki iliyopita ndiyo amemaliza.

Saa saba mchana sinia linatoka. Mwantumu yuko jikoni na Bi Tunu, na wote wawili wanajifanya wanachambua mchele huku macho yao yakiwa mlangoni. Kisahani cha pembeni kipo juu ya meza, kimeoshwa, hakijapakuliwa. Bi Tunu amekataa kukipakua, ingawa amekishika mara mbili.

Mzee Isihaka anatoka chumbani. Anaketi na wenzake. Ananawa mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole.

Tonge la kwanza linamponyoka na kuanguka mkekani. Anakusanya la pili. Mustafa, jirani anayesifika kwa kumaliza ugali kabla wengine hawajasema bismillahi, leo anatafuna polepole kama mwenye jino bovu. Sinia zima linamsubiri mzee, na kila mmoja anajitia hasubiri. Tonge la pili linafika kwenye mbaazi, linafika kinywani.

"Nina furaha mpaka njaa imeniisha," anasema Bi Tunu, na kisahani anakirudisha kabatini.

Mwantumu anatoa fomu. Ziara ya kwanza, tisini na tano. Leo, tisini na tano. Mkono wa kushoto ulihesabiwa sawa na wa kulia, na nguzo bado inashikwa. Kwa mujibu wa karatasi, mwaka mzima Mzee Isihaka hajapona hata alama moja.

"Hapo ndipo nataka kufika," anasema. Fedha za kushona sare ameziweka kwa ajili ya ada, na mwaka huu ameomba nafasi ya kusomea cheti cha takwimu za afya. "Nataka nijue fomu zinatungwaje, ili siku moja swali hili lihesabiwe. Mtu akisoma karatasi ya mzee huyu, aone kwamba amepona."

Hiyo ni kesho. Leo, chini kabisa ya ukurasa, mahali pasipo na alama, anaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: ANAKULA NA WENZAKE.