Pengwini Niliyemtoa kwa Mikono Yangu

Niliagiza malaika, nikaletewa pengwini. Katoni nzima ya ndege wa kitambaa waliojazwa sponji, kila mmoja na skafu nyekundu shingoni na kofia ya Krismasi kichwani. Nilimpigia simu muuzaji wa jumla wa Nairobi nikamwambia maneno ambayo Mkristo hafai kuyasema mwezi wa Desemba. Akacheka. "Mama, hiyo ndiyo Krismasi ya siku hizi. Hao ni ndege wa theluji." Nikamuuliza kama anajua Isiolo iko wapi. Hapa kwetu jua la Desemba linakausha shuka la kwanza kabla hujamaliza kuanika la pili. Lakini mzigo ulikuwa umeshapakuliwa, na mimi si mtu wa kusafirisha katoni mpaka Nairobi kwa sababu ya ndege.

Duka langu ni la vyombo: ndoo, sufuria, chupa za chai, malapa. Krismasi ikikaribia naongeza taa za rangi na miti ya plastiki. Wale pengwini niliwapanga mbele kabisa, wakakaa hapo wiki nzima wakitazama barabara. Watu walisimama kuwaangalia. "Huyu ni bata wa wapi?" Mzee mmoja aliyetoka mnadani aliuliza kama wanataga. Hakuna aliyenunua hata mmoja. Mwishowe mchuuzi wa Merti aliwachukua wote kwa bei ya kutupa, akasema huko hakuna kisichouzika. Alibaki mmoja tu, kwa sababu huyo binti yangu alikuwa amemkumbatia na hakuna mtu angemtoa mikononi mwake.

Binti yangu alikuwa na miaka sita na hakuwa amewahi kusema neno. Daktari alikuwa ameshaniambia jina la jambo lenyewe, usonji, akanieleza polepole kwamba si laana na si ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba mtoto anasikia kila kitu. Nilirudi nyumbani na jina hilo nikidhani litanisaidia. Mama mkwe aliposikia alisema kwao hakuna kitu kama hicho, yaani kimetoka kwetu. Mteja mmoja aliniuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Baba yake mtoto ni mwalimu Merti, huja shule zikifungwa, ingawa Desemba hiyo alibakishwa kwa masomo ya likizo, na yeye mwenyewe hana maneno mengi, ila ukimya wake hakuna anayeufungia na kuuombea. Mimi nilikuwa na ombi moja. Nilitaka kuitwa mama. Sikutaka sentensi wala shairi la Sunday school. Nilitaka neno hilo moja tu, hata kama atalisema mara moja na asirudie tena.

Jioni moja nilikuwa namfuta yule pengwini vumbi, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye nikamwambia binti yangu, "Huyu kwao ni kwenye baridi." Nikamrudishia ndege wake, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu nikiwa napanga chupa za chai nikasikia, "Baridi." Nilidhani ni redio ya jirani. Nikachungulia nyuma ya ndoo. Alikuwa amechuchumaa, paji lake la uso limegusana na la pengwini. "Baridi," akamwambia tena, taratibu, anavyoambiwa mtu anayeelewa.

Baadaye yakaja mengine. Maji. Lala. Kuja. Yote alimwambia pengwini, na mimi nikiingia ananyamaza kidogo, kisha anaendelea. Nitasema ukweli, nilimwonea wivu ndege wa sponji. Lakini nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Kila jioni nilinyoosha mkono, naye ananipa pengwini nimfute vumbi, anasubiri, namrudishia. Nilijiambia, ukiweza kupewa ndege, na neno utapewa. Subira huvuta heri.

Mtu wa pili aliyeruhusiwa kumkaribia ndege huyo alikuwa muuza maziwa. Ni mama wa Kiborana, kwao ni Korbesa, na maziwa yake ya ngamia yanaletwa na pikapu ya Merti. Kila asubuhi huketi kwenye ngazi ya duka langu na mitungi yake ya njano. "Salaam aleikum," anasema, nami naitikia, na mazungumzo yetu kwa kawaida yanaishia hapo. Tangu tujuane hajawahi kuniuliza mtoto ana nini. Alipomwona pengwini alimuuliza binti yangu mwenyewe, "Intala, ndege wako anakunywa maziwa?" Intala ni msichana kwa Kiborana. Binti yangu akainamisha mdomo wa pengwini kwenye kifuniko cha mtungi, na huyo mama akasubiri mpaka ndege akamaliza kunywa.

Sasa nieleze habari ya kufunga mwaka, maana bila hiyo hamtanielewa. Akina mama wa kanisa letu, kila Desemba, huenda nyumba kwa nyumba. Kila mama ana mchana wake. Wanakuja, wanaimba, wanaombea nyumba, wanakula, na ukitembelewa unajua una watu. Mimi si wa hapa. Kwetu ni kule juu Meru, nilikuja kwa biashara nikaolewa nikiwa huku, na bila hao akina mama ninaweza kumaliza wiki nzima nikiongea bei ya ndoo tu. Na nyumba yangu walikuwa wameiruka miaka miwili. Mwaka wa kwanza walisema ni mvua. Mvua, Isiolo! Mwaka wa pili hawakujisumbua kusema chochote.

Nilijua sababu. Binti yangu kanisani hupunga mikono na kuvuma kwa sauti wakati wa mahubiri. Kwanza tuliombwa tukae nyuma karibu na mlango, kwa upole sana. Tukakaa. Kisha benchi letu likaanza kuwa na nafasi, hata siku ambazo watu walisimama kwa kukosa viti. Hakuna aliyetutukana. Salamu ya Bwana asifiwe walitupa, kwa mbali. Nilizoea kutoka kabla ya wimbo wa mwisho ili nisione tunavyopishwa mlangoni.

Basi Desemba hiyo ya pengwini, mwenyekiti wa akina mama akanipigia simu. "Dada, mwaka huu tunakuja kwako." Niliweka simu nikalia. Alhamisi nilifunga duka saa sita, nikachinja jogoo, nikapika mukimo, nikasukuma chapati mpaka mabega yakauma. Nilitandika vitambaa ambavyo havijaguswa tangu harusi.

Walikuja wanane. Binti yangu alikuwa chini ya meza na pengwini wake. Walipoimba alimweka ndege sikioni, hakupiga kelele, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Wimbo ulipokwisha, kukiwa kimya, sote tukamsikia chini ya meza: "Baridi. Lala."

Hapo ndipo nilipokosea, kwa mdomo wangu mwenyewe. Badala ya kunyamaza nikajigamba. "Ameanza kusema," nikawaambia. "Anaongea na huyo pengwini wake. Ana maneno manne tayari."

Mwenyekiti akaniangalia. "Anaongea na huyo. Na wewe?"

"Bado."

"Hajakuita mama?"

"Bado," nikasema.

Wakatazamana. Mwenyekiti akainama chini ya meza akamwangalia pengwini kwa muda. Kisha akaongea polepole, na nitamtendea haki, hakuongea kwa ubaya. Alisema kwenye hori kulikuwa na kondoo, na ng'ombe, na punda, na mamajusi walikuja na ngamia. Huyu aliingilia wapi kwenye Krismasi? Mwingine akasema ni ndege mwenye mabawa na haruki, anasimama wima mfano wa mtu. Wa tatu alikuwa tayari anafuta machozi. "Dada," mwenyekiti akasema, "sauti ya mtoto ipo, umeisikia mwenyewe. Lakini hampi mama yake, anampa huyu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilijua ni upuuzi. Katoni ilikuwa bado uani, imeandikwa China, na mle ndani walitoka pengwini wa sponji badala ya malaika, basi. Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema, akina mama, karibuni chakula, mambo ya ndege tutayaongea siku nyingine. Lakini niliona mmoja wao anavuta mkoba wake karibu na magoti. Sufuria zilikuwa hazijafunuliwa. Nikajua nikikataa wataondoka, na wakiondoka na njaa hawatarudi tena nyumbani kwangu. Na kulikuwa na kitu kingine, kidogo, ambacho mpaka leo nakionea aibu kuliko vyote. Niliwaza, je, kama ni kweli? Je, huyu akiondoka, neno litakuja kwangu?

Hawakumnyang'anya. Ningefurahi kama wangemnyang'anya, leo ningekuwa na wa kulaumu. Nilipiga magoti mimi mwenyewe, nikanyoosha mkono chini ya meza. Na yeye akanipa. Akanipa mara moja bila kusita, kwa sababu kila jioni nilikuwa namchukua nikamfuta vumbi na kumrudishia.

Tulimchoma uani kwenye jiko nililopikia kuku. Sponji inawaka haraka na ina moshi mbaya mweusi. Akina mama waliimba. Binti yangu alisimama mlangoni amenyoosha mkono, anasubiri nimrudishie, na hakuushusha mpaka jiko lilipozima. Hakulia. Kisha tukaingia ndani tukala, na chapati zangu zikasifiwa sana.

Jumapili iliyofuata benchi letu lilikuwa na nafasi ile ile.

Baridi ikaisha, na maji, na lala, na kuja. Hakusema kitu tena. Jioni nilikaa karibu naye nikanyoosha mkono, sijui nilitaka anipe nini, naye akaangalia pembeni. Januari nilizunguka maduka yote ya mji nikiulizia pengwini, na mimi ni mfanyabiashara, najua vitu vya Krismasi huondoka na Krismasi. "Mama, ngoja Desemba," waliniambia. Mmoja akaniuliza kama jua limenipiga kichwani. Nilimjibu vibaya nikaondoka.

Ndipo nikamkumbuka yule mchuuzi. Nikampigia mume wangu simu. "Nitafutie pengwini hapo Merti."

"Nikutafutie nini?"

Nikamweleza yote, hata habari ya jiko. Sikuificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikangoja anigombeze. Alisema tu, "Alikupa mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema atatafuta.

Ilimchukua wiki tatu. Wengine walikuwa wameenda na watoto wa wafugaji manyattani, wengine walikuwa wametafunwa na mbuzi. Alipata mmoja wa mwisho kwenye kibanda cha kuuza kamba na tochi, hana kofia, tumbo lililokuwa jeupe limekuwa rangi ya vumbi la barabara ya Gotu. Akamfunga kwenye mfuko akamtuma na pikapu ya maziwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa ndani, nyuma ya pazia linalotenganisha duka na chumba chetu. Nilisikia pikapu ikisimama, mitungi ikishushwa. Nilimsikia muuza maziwa akimwambia binti yangu, "Intala, ndege wako amerudi kutoka safari." Nikasimama hapo hapo na ufagio mkononi. Karatasi ya mfuko ikalia. Kisha nikasikia, "Baridi."

Niliuziba mdomo wangu kwa kitambaa. "Baridi," akasema tena, na muuza maziwa akamwambia, "Eeh, njiani kulikuwa na baridi." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikatupa ufagio, nikatoka mbio, na malapa yangu yakipiga sakafu ya saruji, pa, pa, pa, sauti ambayo binti yangu anaijua kuliko sauti yoyote duniani.

"Mama," akasema.

Nilisimama katikati ya duka nimeshikilia rafu ya sufuria. Miaka sita na zaidi nimelingoja. Alilitamka vizuri kabisa, herufi zote.

Hakuwa ananiangalia. Alikuwa amenipa mgongo, amepiga magoti kwenye ngazi, anamsukuma pengwini kwa haraka chini ya leso ya muuza maziwa, kwa mikono miwili.

"Mama anakuja," akamwambia ndege. "Ficha."

Muuza maziwa akaikusanya leso yake akamfunika pengwini vizuri, mpaka mdomo. Kisha akainua macho akaniangalia, na mimi nikarudi nyuma ya pazia.