Wimbo wa Firigisi

Mukiona ile video ya siku ya wamama hapa Kasongo, musidanganyike. Ule mwanaume anayeruka na gitaa mbele ni Gaston, fundi wa baiskeli, na gitaa yake hailii hata kidogo. Ile munayosikia ni ya Estelle, jirani yangu. Alikaa nyuma ya bafle, lile sanduku kubwa la kutoa sauti, haonekani.

Yote ilianzia sokoni kwa Hamadi, kule tunashaji telefone. Alituonyesha kwenye video mabinti watatu wa Asia, sijui ni Wajapani ao Wakorea, wanapiga muziki wa makelele, na hakuna mwanaume kati yao. Mumoja alipiga kelele kwenye mikro kama mutu aliyeibiwa kuku. Hatukuelewa hata neno moja.

“Ule dada anajua kukasirika,” Estelle akasema, macho yanang'aa.

Kanisani kwetu mwanamke anaimba na kutikisa kayamba, gitaa ni ya wanaume. Lakini Estelle alikuwa amejifunza nyumbani, kwa gitaa ya marehemu baba yake. Basi akatunga wimbo: kuku nimefuga mimi, nimepika mimi, firigisi anakula nani? Mimi nilipiga ngoma, mwenzetu Marguerite akaimba. Aka! Wanawake wa mtaa wetu walilia kwa kucheka, maana nani hapa amewahi kuonja firigisi mbele ya bwana yake?

Komite ya sikukuu ikakataa. “Orkestra bila mwanaume mbele ni ya wahuni. Muweke mumoja, hata wa kusimama tu.”

Nikasema, wapi! Afazali tubaki nyumbani. Siku ya wamama, halafu tutafute baba wa kutufunika?

Estelle akanishika mkono. “Siku moja tu, mama Heri. Wakisikia wimbo, watauliza ni wa nani.”

Hakuna aliyeuliza. Walimushangilia Gaston, na leo anaitwa kuruka kwenye ndoa mpaka Kabambare, wimbo unatoka kwenye video, pikipiki inakuja kumuchukua. Hakuiba kitu, tulimupa wenyewe. Estelle alipoenda kwa Hamadi, anayewawekea watu ile video kwenye telefone, kusema wimbo ni wake, Hamadi alicheka tu: “Mama, si video iko hapa?” Tangu siku ile Estelle aliiweka gitaa juu ya kabati nyumbani kwake, na mimi roho inaniuma kila nikiingia mule.

Juzi nilikuwa kwake tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake Laura, aliyekulia kwa bibi yake, alikuwa ameishusha gitaa, telefone ameiegemeza kwenye sufuria, anafuata vidole vya Gaston. Inatoka makelele tu.

“Mama, naweka vidole palepale kama yeye. Mbona hailii vile? Labda mikono ya wanawake haiwezi.”

Estelle akaacha muchi. Akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akachukua gitaa, akaupiga wimbo wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea. Machozi yalinitoka.

Laura akaangalia telefone, akamwangalia mama yake.

“Eh, mama! Kumbe na wewe papa Gaston alikufundisha?”