Kasida Iliyotoka Melini

Nakumbuka vizuri safari moja ya kutoka Jeddah kwenda Riyadh, mwanangu, na hunirudia kila nikikupa simu yangu unisomee ujumbe wa ikama, kibali chetu cha kuishi huku.

Nilikuwa kijana, karani wa bandarini. Tulikuwa tumehama Unguja si zamani sana, tukapanga nyumba Jeddah, mtaa wa Sharafiya, na mtawala wa nyumba hiyo alikuwa bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena. Mimi peke yangu ndiye niliyesoma sekondari mle ndani, kwa hiyo Kiingereza chote cha nyumba kilikuwa kinywani mwangu. Nilijiona mtu mkubwa.

Miaka hiyo ulivuma wimbo mmoja wa vijana wa Ulaya, wa magitaa na makelele matamu. Ulikuwa hautoki kichwani. Wapagazi wa Kiyemeni waliupigia mluzi huku wakibeba magunia. Kinyozi wetu aliufuatisha kwa mkasi mpaka akamkwaruza mtu sikio. Mimi nilishona suruali ya kubana kama ya waimbaji wale, nikawa nakula nimesimama, maana mkekani haikubali kukaa. Baharia mmoja akaniuzia santuri ya wimbo huo pamoja na gramafoni ya betri, ile ya kisanduku.

Sasa, Bi Zuwena hakutaka nyimbo nyumbani kwake, ila kasida alizipenda sana. Aliponikuta nasikiliza akauliza ni kitu gani. Sikujipa hata nafasi ya kufikiri. Nikamwambia ni kasida ya Waingereza waliosilimu.

Akauliza mbona wanapiga magitaa. Nikasema kwao baridi, mikono isipotikisika huganda. Na hiyo huu-huu wanayorejea? Nikasema ndivyo wanavyoitikia amin. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini," akasema, "wamejitahidi."

Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya alasiri, kina mama wetu wa Unguja walikusanyika sebuleni, ubani ukafukizwa, santuri ikapigwa. Bi Zuwena alilia kila mwimbaji alipomsihi msichana amwachie dirisha wazi, kwa sababu nilimwambia hapo wanaomba kufunguliwa mlango wa rehema.

Nikawa nataka kuoa. Binti aliitwa Salma, baba yake Mzee Salim, mtu wa kwetu aliyehamia Riyadh. Nilimwona harusini Jeddah. Aliicheka suruali yangu, na nikatamani kukisikia kicheko hicho maisha yangu yote. Kwa desturi yetu mposaji haendi kwenye posa yake. Wa kwenda walikuwa ami yangu na Bibi, lakini ami alihitaji mtu wa kupokezana naye usukani katika njia ndefu ile. Nikaruhusiwa, kwa sharti nikae karibu na mlango na nifunge mdomo.

Tulipofika tukanywa kahawa. Kabla ami hajafungua maneno, Bibi akasema jambo la heri lianze kwa kasida. Akatia mkono katika kikapu cha halua, akatoa gramafoni yangu.

"Bibi," nikamnong'oneza, "betri zimekwisha."

"Nimetia mpya, mume wangu," akasema, maana aliniita hivyo kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu.

Nisichokijua ni kwamba Mzee Salim, zama za Waingereza, alikuwa mkalimani wa mahakama. Wimbo ukapigwa, dirisha likaombwa. Bibi alikuwa ameinua viganja, ami naye ameinua. Mzee Salim akawatazama wao, akanitazama mimi, kisha taratibu akainua vyake. Wimbo ulipokwisha akapangusa uso.

Halafu akaniambia nikamwonyeshe gari. Huko nje akaegemea mlango wa gari. "Kijana, nimefasiri maneno ya wezi na ya wauaji," akasema. "Hakuna aliyethubutu kama wewe." Nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu. "Ungemdanganya bosi wako bandarini ningecheka, maana bosi anaweza kumuuliza mwingine. Huyu mama hana wa kumuuliza ila wewe. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Ukishamwambia, rudi. Salma utampata."

Ami na Bibi waliambiwa jibu litakuja baadaye. Mwanangu, ningeweza kusema humo humo garini, njiani kurudi. Kila tuliposimama kutia petroli nilijiambia hapa nasema, na kila tuliposimama Bibi alinimegea halua, akifurahi jinsi mkwe alivyoinua mikono. Nikasema kesho. Alhamisi ikaja, na nyingine, watoto wa jirani wakafundishwa kuitikia huu-huu. Mzee Salim akatuma mtu kuniulizia, nami nikajibu bado kidogo. Baadaye hakutuma tena. Siku ami alipoleta habari kuwa Salma ameposwa na kijana wa huko huko Riyadh, Bibi alinikuta nalia, akauliza, ndipo nikamwambia yote.

Bibi akaivuta gramafoni karibu naye.

"Kwa hiyo huyo kijana anataka afunguliwe dirisha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Akafunguliwa?"

"Wimbo hausemi."

"Basi asifunguliwe," akasema. Akavaa buibui, akaniambia nibebe gramafoni.

Tukapita nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alinisimamisha niseme mwenyewe. Wengi walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja hakucheka. Alikuwa akiiazima santuri ile na kuipiga kando ya mumewe mgonjwa. Alinitazama, akafunga mlango polepole.

Bibi hakunigombeza. Aliendelea kuniita mume wangu. Ila tangu siku hiyo, barua ikija, alinipa nimsomee, akanishukuru, kisha akaikunja na kuipeleka kwa jirani isomwe tena.

Nilikuja kuoa, alhamdulillahi, na mke wangu huicheka hadithi hii kuliko mtu yeyote. Mimi hucheka naye mpaka hapo kwenye barua.

Leo, mwanangu, nyinyi vijana ndio mnaotusemea kwa kafili, mdhamini wetu wa kazi, kwa daktari na kwenye simu hizi. Mzee akikuuliza hapa pameandikwa nini, mwambie kilichoandikwa, hata kama kitamhuzunisha, hata kama kitakuaibisha. Na kama umeshamdanganya, usingoje mpaka mwenye kukupa nafasi achoke. Mimi Salma sikumkosa kwa wimbo. Nilimkosa kwa kungoja.

Mungu akulinde ugenini, akuzungushie watu wanaokuamini, na akupe moyo wa kuwastahiki mpaka uzeeni kwako.