Nani Mwingine Yuko kwa Laini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya simu ya Njoro, nilipewa ovaroli ya mwanamume aliyenizidi kimo kwa kichwa kizima. Nilikunja miguu yake mara tatu. Msimamizi wa Laini, mzee mkali aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, alinitazama kutoka juu hadi chini akauliza, "Na wewe utapanda mlingoti na hizo viatu?" Nikamwambia nitapanda hata bila viatu. Basi nikapanda bila viatu. Nilishuka na vibanzi kwenye nyayo, lakini nilishuka nikiwa fundi, na furaha ya siku hiyo sijaimaliza hadi leo.

Vijana huniuliza tulikuwa tukifanya nini kabla ya intaneti. Tulifanya kazi ile ile, ila kwa waya. Wakati huo mashamba matano au sita yalishiriki laini moja ya simu. Mkulima mmoja akisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake, majirani wote walikosa mawasiliano, na kila mmoja aliapa kwamba waya umekatika. Msimamizi alitukataza kupanda mlingoti wowote kabla hatujauliza swali moja. "Uliza kwanza nani mwingine yuko kwa laini," alisema. "Mlingoti hautoroki." Mara nyingi tuliikuta simu imelazwa juu ya gunia la pareto na mwenye nyumba yuko shambani akipalilia.

Kutoka Njoro nilihamishiwa Molo, ambako baridi ilinifundisha kuunganisha waya nikiwa na glavu. Halafu Naivasha, wakati mashamba ya maua yalipoanza kutaka barua pepe. Tulipopunguzwa kazi, wenzangu wengi walirudi kulima. Mimi nilikuwa nimeshaonja, sikuweza kuacha. Niliingia kampuni ndogo ya intaneti hapa Nakuru, nikawa mwanagenzi upya nikiwa na miaka arobaini na kitu. Meneja wa Ufundi wangu wa mwisho alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, nami nikamwita Boss, na hatukuwahi kununiana zaidi ya nusu saa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ilikuja wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Ilikuwa Jumatano asubuhi.

"Mathe, kuna mzee wa Milimani anatupigia kila siku," Boss akasema. "Anabackup computer yake kwa cloud na haiendi. Vijana wameenda mara mbili. Wakabadilisha router, wakabadilisha cable, wakapanda kwa roof wakageuza dish. Bado iko slow."

"Walikimbilia paa kwa sababu wanapenda ngazi," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu.

Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Cheruiyot, mwalimu mkuu mstaafu. Mkewe, Mama Chebet, alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja uliopita. Maisha yake yote alifundisha kwaya ya kanisa, na kila Jumapili mumewe alimrekodi kwa kamera. Video zote zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya ukumbusho wake. Binti yao, Chebet, ni muuguzi Uingereza. Hakupata ruhusa ya kuja kumzika mama yake, na safari hii pia alikuwa amenyimwa. Kitu kimoja tu alichoomba ni kuchagua nyimbo za mama yake kwa mkono wake mwenyewe na kuziunga ziwe filamu ya kuonyeshwa siku hiyo. Kwa hivyo video zilitakiwa ziwe zimepanda zote kwenye wingu kufikia Ijumaa jioni. Wingu lenyewe si kitu cha ajabu, ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali, zinazokutunzia nakala hata yako ikifa. Kutuma diski kwa ndege kungechukua siku nyingi kuliko tulizokuwa nazo.

Kompyuta ilisema zimebaki siku kumi na tisa.

"Jana ilisema kumi na saba," Mwalimu akaniambia. "Hii ni hesabu gani, madam? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sijaona siku zikirudi nyuma hivi."

Nilipima. Kupakua, yaani kuvuta vitu kutoka mtandaoni, kulikuwa na nguvu yake. Kupakia, yaani kuvipandisha, au upload kama wasemavyo vijana, kulikuwa kunatambaa. Watu hukasirika hapa, wakidhani wameibiwa, lakini nyumba nyingi huvuta zaidi kuliko zinavyotuma. Kwa hivyo kampuni huweka barabara pana ya kushuka na kijia chembamba cha kupanda. Kijia kile kikijaa, hata vya kushuka huanza kukwama, maana kila kinachoshuka husubiri jibu linalopanda.

Nikauliza swali langu la Njoro. "Mwalimu, nani mwingine yuko kwa laini?"

"Ni mimi tu. Mimi na kuku."

Nilifungua ukurasa wa ruta unaoonyesha kila chombo kimetuma kiasi gani. Kompyuta ilikuwa imetuma kidogo sana. Chombo kingine kisicho na jina kilikuwa kinatuma usiku na mchana bila kupumzika. Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja. Runinga sio. Simu ya Mwalimu sio. Mwishowe nilichomoa kamera ndogo iliyokuwa juu ya kabati la sebuleni, na kijia kikafunguka papo hapo.

Chebet alikuwa ameagiza kamera nne ziwekwe baada ya mazishi, kwa usalama wa baba yake. Tatu za nje zilituma picha pale tu kitu kilipopita. Hiyo ya sebuleni ilituma pale tu mtu alipokuwa akitazama picha zake kwenye simu. Nilimweleza Mwalimu hivyo, taratibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Akaketi. "Anaangalia nini?" akauliza. "Mimi si nakaa tu hapa."

Tulimpigia Chebet, simu ikiwa kwa spika, nikamuuliza ni nani anayeitazama kamera ya sebuleni.

"Ni mimi, Auntie," akasema. "Huwa naiacha wazi kwa simu yangu. Nikienda shift iko kwa mfuko, nikilala iko kando ya mto. Hata siangalii kila saa. Nataka tu nikigeuka nimwone."

"Video za mama yako zinakungoja wewe uzipishe njia," nikamwambia. "Ifunge mpaka Ijumaa."

Akauliza, "Na nisipomwona nitajuaje kama amekula?"

Mwalimu akainama karibu na simu. "Leo nimekula ugali na maziwa ya mursik. Jana hiyo hiyo. Funga hiyo kitu, Chebet. Nitakupigia simu ya kawaida kila nikikaa kula."

Akafunga. Siku kumi na tisa zikawa sita, zikawa tatu, kisha zikatulia kwenye saa hamsini na mbili. Mwalimu alisimama nyuma yangu akizisoma kwa sauti kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Nilicheka mpaka nikaona haya. Ijumaa saa kumi alasiri alinipigia kunijulisha kwamba zote zimepanda.

Jumapili nilialikwa, nikaenda. Mama Chebet alijaa ukutani, mnene, mchangamfu, akiongoza sauti ya pili kwa kidole kimoja. Katikati ya wimbo mmoja alisimamisha kwaya yote akageukia kamera. "Cheruiyot, rekodi kwaya, wacha kunirekodi mimi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Chebet ndiye aliyeichagua sehemu hiyo. Mwalimu alicheka huku akifuta macho kwa tai, nami nilimpenda kama ndugu yangu.

Kabla sijaondoka aliniomba niiwashe tena kamera, ila niihamishe. Kutoka juu ya kabati, Chebet alikuwa akiona kisogo chake tu mwaka mzima. Nikaishusha, nikaielekeza kwenye meza ya chakula.

Siku iliyofuata nilirudisha ngazi, kipimo na kitambulisho cha kazi. Boss alininunulia keki iliyoandikwa Mathe. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Free Area, na watu huniuliza kama naikosa kazi. Naikosa sana, sitadanganya. Miaka yote hiyo niliingia nyumba za watu kutafuta waya mbovu, na mara nyingi nilikuta waya ni mzima na kuna mtu upande wa pili. Sijui kazi nyingine ambayo ingenionyesha hilo mara nyingi hivyo.

Juzi Mwalimu alinipigia saa saba mchana.

"Fundi, upload iko slow tena."

Nilikuwa nimeshainuka kutafuta mkoba.

"Usije," akasema. "Nilitaka tu ujue tunakula na Chebet."