Mwisho Nilioutunga Umeme Ulipokatika

Ti. Ti. Ti-ti-ti. Mita ya luku ikikaribia kuishiwa umeme inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mpaka leo nikiusikia mlio ule, hata nikiwa nyumba ya watu, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye pindo la khanga. Ndimo nilimoifunga karatasi ya namba za umeme siku ile. Mangi alinipa asubuhi niziingize. Nikazifunga vizuri, nikazisahau vizuri zaidi.

Mangi ni bosi wangu, mtu wa Kilimanjaro, anauza ndoo na mabeseni kwa jumla, mtaa mmoja nyuma ya barabara ya Msimbazi. Nyuma ya ndoo kuna chumba chenye televisheni tatu za gemu. Mbili ni za mpira, na hizo hazihitaji mtu wa kuzieleza, zinahitaji matusi tu. Ya tatu, ile ya kwenye kona, ilikuwa yangu. Nilicheza gemu ya hadithi, watu wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, nami nawatafsiria papo hapo, kama wanavyofanya wale wa mabanda ya muvi. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, na kidato chenyewe sikukimaliza. Lakini ukiona mtu anachomoa panga huhitaji kamusi.

Hadithi ilikuwa ya ndugu wawili. Katika sehemu ya kwanza mdogo alimdhulumu kaka yake daraja aliloacha baba yao. Sehemu ya pili kaka akazunguka nchi nzima akitafuta jeshi. Ya tatu akarudi. Tulisubiri siku ya kukutana kwao kama watu wanavyosubiri harusi. Wakakutana kweli, juu ya daraja, mvua inanyesha, mdogo kapiga magoti, kaka kainua panga.

Ti-ti-ti. Giza.

"Mangi! Umeme, Mangi!"

Mbele kabisa alikaa mzee wa viatu, anayeuza viatu vya mitumba kule soko la Mchikichini. Yeye na mdogo wake walikuwa hawasalimiani tangu huyo mdogo alipomzunguka akachukua kizimba cha biashara cha marehemu baba yao. Vizimba vyenyewe vinatazamana. Kila asubuhi wanafungua mabelo yao ya mitumba uso kwa uso, kimya, kama picha mbili za ukutani. Sasa kwenye giza lile nikamsikia akiuliza kwa sauti ndogo, si ile yake ya kunadi.

"Binti, amemkata?"

Jibu la kweli lilikuwa: sijui baba, na umeme umo kwenye khanga yangu. Mdomo ukatoa lingine.

"Hajamkata, baba. Mimi niliimaliza asubuhi nikifagia. Ametupa panga mtoni, wakaenda zao kula ubwabwa."

Uongo mtupu. Hata huo ubwabwa sijui niliutoa wapi, maana kwenye gemu ile watu wanakula mikate mikavu tu. Na CD ilikuwa ya kukodi, ikarudi kwa mwenyewe jioni ileile, kabla sijaziingiza zile namba.

"Mashallah," akasema Ami, jirani yetu wa duka la vitambaa, mtu wa ukoo wa Kiarabu ambaye mtaa mzima tunamwita hivyo. "Damu ni damu."

Mzee wa viatu akapiga ndoo teke. "Damu gani, Ami? Mtu kakuibia daraja, unakaa naye kula ubwabwa? Huo si mwisho, huo ni ulafi!"

Basi hapo mtaa ukapasuka. Kukawa na watu wa Ubwabwa na watu wa Panga. Ungeweza kuutafuta mwisho wenyewe kwenye simu, lakini nani aunguze bando lake kutazama jambo ambalo ameshaligombania? Na hapa mjini watu watatu wakikubaliana huunda kamati. Zikaundwa mbili, kila moja na mwenyekiti wake, kila moja na barua yake kwa watengenezaji wa gemu. Mwenye mwandiko mzuri nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nikawa katibu wa zote. Niliandika barua ya kuusifu mwisho wangu, halafu nikaandika ya kuulaani. Ya kulaani ilitoka tamu zaidi. Anwani hakuna aliyeijua. Zote mbili zimo chini ya beseni la bluu.

Wateja wakaanza kupungua, kila upande ukiapa hautakaa chumba kimoja na wapumbavu. Ndipo sehemu ya nne ikatoka. Mangi akaileta mwenyewe mchana, watu wa pande zote wameshajipanga.

"Hii ikileta ugomvi tena," akaniambia, "chumba nakijaza ndoo. Ndoo hazigombani."

Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, kwamba siku moja nitatunga gemu yangu mwenyewe. Kona ile ndiyo ilikuwa shule yangu. Nikashika pedi ya kuchezea.

Gemu ikaanza kwa kukumbusha yaliyopita. Mvua. Daraja. Panga likashuka. Mdogo akaanguka mtoni. Halafu kaka akaonekana kazeeka, amekaa peke yake, analinda daraja ambalo hapiti mtu.

"Tafsiri, dada!"

Nikaweka pedi chini. "Huu ndio mwisho wa kweli. Ule wa ubwabwa niliutunga mimi. Siku ile sikuwa nimemaliza. Na luku niliisahau mimi."

Hata wale wa televisheni za mpira wakageuka. Mangi akanitazama. "We mtoto, umenidanganyia wateja?"

"Ndiyo, bosi. Nisamehe."

Macho yakamgeukia mzee wa viatu, mshindi. Yeye alikuwa anamtazama yule mzee wa darajani. "Kumbe nilisema kweli," akasema, kama mtu aliyeshinda kesi ya kuku, na kuku keshaliwa.

Ami akasimama. "Jamani, hawa watengenezaji wametushirikisha? Barua zetu wamezisoma?" Watu wakaguna kwamba hapana, hawakushirikishwa. Kamati mbili zikaungana palepale, bila hata chai, zikaazimia kwamba waliotengeneza gemu ndio waliokosea hadithi. Sauti izimwe. Binti aendelee kutokea kwenye ubwabwa. Mangi akahesabu ndoo zilizokaliwa, akasema yeye hana tatizo.

"Haya, huyo mzee anafanya nini hapo peke yake?" mtu akanichokoza.

"Anamsubiri mdogo wake," nikasema. "Kaenda kununua nazi ya ubwabwa."

Chumba kikaangua kicheko. Mzee wa viatu hakucheka. Wakati wa kutoka akanisogelea.

"Kesho niwekee ndoo mbili. Ukiniuliza ya pili ya nani, sirudi."

"Sawa, baba."

Kesho yake niliwahi, mtaa bado unafagiliwa. Mita ilikuwa haijaanza kulia. Nikafungua pindo la khanga, nikanyoosha karatasi mpya ya umeme ukutani, nikaingiza tarakimu zote ishirini, moja moja, kwa kidole kimoja.