Magitaa Matatu ya Baba

Mlio wa nyuzi za gitaa zikichemka ninao masikioni mpaka leo. Chwi, chwi, chwi, zinagonga ukuta wa sufuria kama vijiko ndani ya beseni, mvuke unapanda, na mama anapaza sauti kutoka uani, "Baba Pili! Hiyo si sufuria yangu ya ugali hiyo?"

Sisi tuliokulia Morogoro kabla kila mtoto hajashika simu tulikuwa na raha zetu. Tulicheza rede mpaka mawingu yashuke Uluguru na kuufunika mlima wote, ndipo tunakimbia kuanua nguo. Asubuhi akina mama wa milimani walipita na ndizi kichwani. Ukiwaamkia shikamoo kwa adabu, unapewa moja, mnagawana wanne. Lakini kwetu kulikuwa na kitu ambacho kwa jirani hakikuwepo: magitaa matatu ya besi yaliyotundikwa ukutani, na mpigaji mmoja tu, baba yangu.

"Mikono yenyewe miwili," mama alimwambia. "Magitaa matatu ya nini?"

"Mama Pili, wewe una kanga ngapi?" baba anamjibu. "Ile ya msibani unaivaa harusini?"

Mama anacheka mpaka anaacha moto uzimike.

Jeupe lilikuwa la kwaya, lina sauti safi isiyowafunika waimbaji. Jekundu lilikuwa la dansi. Hilo baba alikwenda nalo Dakawa watu wakishavuna mpunga, likanguruma hata kuishinda jenereta. La kahawia lilikuwa la baba mkubwa Sefu, rafiki yake aliyemfundisha kupiga besi. Baba mkubwa alipofariki, mjane wake alilileta kwetu mwenyewe, amelifunga kwenye shuka. Hilo halikutoka nje ya geti. Jumapili jioni, akishamaliza chai, baba alikaa nalo barazani akalipiga polepole. Dum. Dum. Kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

Sasa, nyuzi za besi zikipigwa sana hunywa jasho na mafuta ya vidole, zinapooza. Mpya zilikuwa za kuagiza Dar. Kwa hiyo baba alizifungua, akazichemsha, akazikausha kwa kitambaa, akazirudisha. Zinaamka, zinalia kama mpya. Mimi nilikaa pembeni nikimtazama mpaka kazi yote nikaijua.

Nikiwa na miaka tisa, baba alikwenda Dakawa siku tatu. Nikalitazama lile la kahawia. Tangu lije sijawahi kuona nyuzi zake zikichemshwa. Nikajisemea, maskini baba, kazi zimemzidi, amelisahau. Nikabandika sufuria. Nilizikausha kwa gauni langu la sikukuu, jamani, ili zisipate hata chembe ya vumbi.

Jumapili, baba akiwa amerudi, akalichukua. Aligusa uzi mara moja tu, ukalia kwa ukali kama kengele ya shule. Akautuliza kwa kiganja.

"Nani kazichemsha hizi?"

"Mimi, baba! Zilikuwa zimekufa. Nimezifufua." Nilikuwa natabasamu, nasubiri sifa.

Akalilaza gitaa mapajani. "Hazikuwa zimekufa, mwanangu. Hizo alizipiga Sefu. Jasho lake lilikuwa humo. Hiyo ndiyo sauti yake niliyokuwa nimebaki nayo."

Hakunichapa. Heri angenichapa. Alilitundika ukutani, na Jumapili zetu zikawa hazina mlio.

Basi nikaanza kulirekebisha kwa akili yangu ya kitoto. Kila nikimaliza kula, kabla ya kunawa, naliiba nazisugua nyuzi kwa vidole vyenye mafuta, niziue tena. Siku moja mama akauliza, "Hivi mbona gitaa la marehemu linanuka dagaa?" Baba akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Jioni hiyo alilishusha gitaa, akanipakata, akaweka vidole vyangu chini ya vyake. "Sauti ya Sefu hairudi," aliniambia sikioni. "Tutie yetu." Tukapiga kila Jumapili, miaka na miaka, bila kuchemsha, mpaka likarudi kusema dum.

Baba alifariki masika yaliyopita. Jekundu limekwenda kwa wenzake wa bendi. Juzi Joyce, binti anayepiga besi kwenye kwaya siku hizi, alikuja kuchukua jeupe. Akagusa na la kahawia.

"Pili, hizi mbona zimekufa! Nikuletee mpya? Au nipe sufuria, dakika kumi tu."

"Acha, mdogo wangu," nilimwambia. "Liache hivyo hivyo."

Akanishangaa. Simlaumu. Siku hizi nyuzi zinaletwa mpaka mlangoni, na wengine hawahitaji hata nyuzi, wanabonyeza simu besi inatoka, safi, haina kidole cha mtu. Zamani mtu akiondoka aliacha kitu kilichoshika jasho lake. Sasa tunaacha picha, nazo tunazifuta simu ikijaa.

Joyce alipoondoka nilipika ugali na dagaa, nikala peke yangu barazani. Maji ya kunawa yalikuwa pembeni. Sikunawa. Nikalishusha la kahawia, nikagusa uzi mnene mara moja, na nikauacha ulie mpaka ukaisha wenyewe.